Nani alipie bomba la Mukuru?

Alhamisi ni siku ya maji katika kichochoro kimoja ninachokifahamu vizuri cha Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Hakuna anayetangaza. Watu husikia tu bomba likikohoa hewa alfajiri, na kabla hakujapambazuka mitungi ya manjano imeshapangwa foleni, mmoja umefungwa kitambaa mkononi, mwingine umepakwa rangi ili usipotee. Mama anayeuza maji hapo ana mpira mmoja mweusi, tangi moja na daftari la wanaokopa. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 5. Wiki ambayo maji hayakuja kabisa, nimeuona ukifika shilingi 20.

Tupige hesabu ya siku nzuri, ile ya shilingi 5. Mitungi 50 hujaza mita moja ya ujazo, kwa hiyo mita hiyo ni shilingi 250. Familia ya watu watano inayojibana na mitungi mitano kwa siku hutumia lita 20 kwa kila mtu na kutoa shilingi 750 kwa mwezi. Hizo lita 20 hazifiki hata nusu ya zile 50 hadi 100 ambazo Umoja wa Mataifa unasema mtu anazihitaji kwa siku. Na aliye na mfereji jikoni kwake katika mitaa yenye nafuu kama Kileleshwa au Lang'ata, akitumia kiasi hicho hicho cha maji, bei anayotozwa na kampuni ya maji ya jiji kwa kila mita haifiki nusu ya ile ya mtungi.

Naanza na hesabu hii kwa sababu kila tunapojadili maji na vyoo vya mitaa ya mabanda, kuna neno moja linalotangulia mengine yote mezani: uendelevu. Huduma iwe endelevu. Ijilipie. Mwananchi achangie ili ajione mwenye mali. Nimeisikia kauli hiyo katika mikutano ya miradi, katika ofisi za kaunti, na hata kwa majirani zangu wenyewe. Ina ukweli ndani yake, na nitaupa nafasi yake. Ila mama wa Reuben ameshachangia. Anachangia kila siku, kabla hajanunua unga.

Upande wa pili, wa wanaotaka maji yawe ya bure, nao una hoja nzito, na msingi wake ni Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na haki ya viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira. Haki haiuzwi kwa mtungi, wanasema watetezi wake. Serikali nayo hukimbilia Kifungu cha 21, kinachosema haki hizi zitatimizwa hatua kwa hatua, na hapo ndipo kesho inapogeuka kuwa kesho kutwa.

Jaribio kubwa zaidi la maji ya bure tulilolishuhudia lilikuwa la mwaka 2020. Korona ilikuwa imeingia, watu wanaambiwa wanawe mikono, na wengi hawakuwa na maji ya kunawa. Mamlaka ya Huduma za Jiji, ile NMS iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi, ikachimba visima virefu katika mitaa ya mabanda na kusimamisha matangi juu ya vyuma. Maji yalitoka bila malipo. Anayebeza hatua hiyo hajawahi kulala na mtungi mmoja nyumbani na mtoto anayeharisha. Ilikuwa kazi ya dharura na ilifanywa kwa kasi ambayo jiji hili halikuizoea.

Lakini kisima kirefu hakiishi kwa kuchimbwa. Pampu inakula umeme kila siku, bili inakuja kila mwezi, mota inaungua, valvu inavuja. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi nayo, sehemu nyingi, yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Inabidi yapimwe na wakati mwingine yachanganywe na maji ya bomba. Mwaka 2022 NMS ilimaliza muda wake na majukumu yakarudi kaunti. Pale ambapo hakuna pesa iliyotengwa kwa ajili ya umeme na fundi, maji ya bure hudumu mpaka kitu cha kwanza kiharibike. Hapo wanaotaka huduma ijilipie wana haki ya kusema: tuliwaambia.

Basi tuiangalie hiyo ya kulipia. Mwaka 2015 kampuni ya maji ya jiji iliweka mashine za kuuza maji kwa kadi huko Mathare, kwa ushirikiano na Grundfos, kampuni ya pampu ya Denmark. Unagusa kadi, unakinga mtungi, unakatwa senti 50. Hiyo ni shilingi 25 kwa mita ya ujazo, sehemu moja ya kumi ya bei ya mtungi wa shilingi 5. Mimi naiona bei hiyo kuwa jambo kubwa kuliko mashine yenyewe, maana ilionyesha wazi kwamba maskini anaweza kuuziwa maji kwa bei ya mtu wa kawaida bila kupewa sadaka. Tatizo ni kwamba mashine haitengenezi maji. Bomba linapokauka huko nyuma, inabaki kabati la chuma, na watu wanarudi kwa mwenye mpira mweusi.

Huyo mwenye mpira tumezoea kumwita mwizi, na wapo walio wezi kweli: wanaokata bomba kuu usiku, wanaounga mipira inayopita ndani ya mitaro ya majitaka, wanaofunga maji kusudi bei ipande. Mpira ukipasuka ndani ya mtaro na presha ikishuka, uchafu unanyonywa ndani, na kipindupindu kinapoingia jijini hupitia njia kama hizo. Huko Kibera shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede, liliamua kupitisha mabomba juu, yakiwa yameshikwa na nguzo, ili yasiguse mtaro na yasiungwe kwa siri. Ni akili iliyozaliwa mtaani. Lakini tuseme na hili pia: wengi wanaouza maji kwa mpira walijaza pengo ambalo hakuna mwingine aliyetaka kulijaza. Wamenunua tangi, wamelipa fundi, wanakaa siku nne bila bidhaa. Kampuni inapokuja na askari kukata mipira bila kuacha mfereji halali nyuma yake, kesho yake mtungi hupanda bei.

Kwa nini bomba halali lisifike tu? Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Jiji la watu milioni 4.4, kwa sensa ya 2019, bado hutegemea zaidi maji ya mabwawa ya Ndakaini, Sasumua na Ruiru, na chemchemi za Kikuyu. Likachimbwa handaki la karibu kilomita 12 huko Murang'a kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati, na watu wa huko walilalamika wakihofia mito yao. Nawaelewa, kwa sababu zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayoingia katika mfumo wa Nairobi hupotea bila kulipiwa, kwa kuvuja, kuibwa au mita kutosoma. Kumwomba mkulima wa Murang'a mto wake ilhali nusu kasoro ya maji yanapotelea njiani ni ombi zito.

Sababu ya pili ni ardhi, na kwangu hii ndiyo kubwa. Sehemu kubwa ya Mukuru iko kwenye ardhi iliyogawiwa watu binafsi na kampuni miaka mingi iliyopita. Mwenye hati ni mmoja, mwenye mabati, yaani aliyejenga vyumba, ni mwingine, anayelala ndani ni mpangaji. Mwenye mabati hataki kutumia pesa kujenga choo kizuri kwenye ploti anayoweza kupoteza kesho. Kampuni nayo inasita kuzika bomba mahali ambapo tingatinga linaweza kupita, na tingatinga limepita: Mukuru kwa Njenga mwaka 2021, na kandokando ya mito baada ya mafuriko ya 2024. Kwa hiyo mpangaji analipa kodi, analipa maji, analipa choo, na hana sauti katika lolote kati ya hayo.

Choo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maji angalau huzungumzwa.

Katika ploti niliyowahi kuishi, vyumba 18 vilikuwa na choo kimoja cha shimo. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari mlangoni kwa mtunza ploti, umefungwa kwenye kipande cha mpira wa ndala ili usidumbukie. Asubuhi kulikuwa na foleni. Usiku hakuna aliyekwenda, hasa wanawake. Ndoo ilikuwa chumbani, na wengine walitumia mfuko wa plastiki uliorushwa nje kabla ya mapambazuko. Mwaka 2010 shirika la haki za binadamu la Amnesty International liliandika juu ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi wanaovamiwa na kubakwa wakienda choo au bafu. Mama zetu walilijua hilo kabla ya ripoti yoyote. Baadaye ukajengwa hapo karibu choo cha mradi: kigae, sinki, jiwe la marumaru lenye majina ya wafadhili. Tangi la chini lilipojaa, kamati haikuwa na pesa za lori la kunyonya, na lori lenyewe lisingeweza kuingia kwenye kichochoro. Kikafungwa kwa kufuli. Mara ya mwisho nilipopita, kuku walikuwa wanalala kwenye ngazi yake.

Leo Mukuru kuna majibu mawili yanayoshindana. La kwanza ni vyoo vya mapipa, kama vile vya Fresh Life, vilivyoanzishwa na kampuni ya Sanergy mwaka 2011. Haja kubwa na ndogo hutenganishwa, pipa hubadilishwa na mtu mwenye mkokoteni, na uchafu hupelekwa kugeuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Choo hiki hakihitaji bomba, hakihitaji hati ya ardhi, tingatinga likija kinahamishwa. La pili ni bomba jembamba la majitaka, linalozikwa kwa kina kifupi na kufuata vichochoro, mbinu iliyoanzia mji wa Natal nchini Brazili miaka ya 1980. Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, yaani la kupangwa upya kwa utaratibu wake lenyewe, mwaka 2017, wakazi walikaa pamoja kichochoro kwa kichochoro kupanga njia za mabomba kama haya.

Wanaopenda bomba wanasema choo cha pipa ni cha muda, kinamzoesha maskini huduma ya daraja la pili. Wanaopenda pipa wanajibu kwamba choo cha bomba kinataka maji ya kusukuma, na mtu mwenye lita 20 kwa siku hatazimwaga chooni. Bomba litaziba, na majitaka yatatokea mlangoni. Wote wanasema kweli. Mimi naegemea bomba, pale ardhi ilipotulia na maji yanapofika, kwa sababu bomba likiisha kuzikwa ni vigumu kumwambia mtu kwamba hakuwahi kuwa mkazi. Kwingineko pipa linalobadilishwa kila siku ni bora mara mia kuliko shimo linalofurikia Mto Ngong, ambao hupeleka uchafu wetu Mto Nairobi, kisha Mto Athi, hadi kwa mkulima asiyejua Mukuru iko wapi.

Ninachokikataa ni jinsi gharama zinavyohesabiwa. Mabwawa, mabomba makuu, mtambo wa kusafisha majitaka wa Dandora kule Ruai, vyote vilijengwa kwa pesa za umma na mikopo ambayo nchi nzima inailipa. Mkazi wa Kilimani anapovuta maji chooni, hakuna anayemuuliza kama bili yake imerudisha gharama ya mtambo ule. Lakini choo cha Mukuru, kiwe cha pipa au cha bomba, tunataka kirudishe kila senti, la sivyo tunakiita si endelevu. Aliyeunganishwa tumemlipia kimya kimya. Asiyeunganishwa tunamtaka ajitegemee.

Kwa hiyo kulipia si tatizo langu. Watu wa Reuben watalipa, na wameshalipa kuliko wengi. Walipe bei ya mtu aliye na mfereji, na tofauti inayobaki, ya kuhudumia vichochoro vigumu na kubeba mapipa, itoke kwenye mfuko ule ule uliojenga Ruai. Wenye ploti walazimishwe kuwa na choo kwa kila idadi fulani ya vyumba kabla hawajapokea kodi, na mpangaji anayewashtaki alindwe asifukuzwe. Najua hatari iliyopo: ruzuku ya serikali yetu hupenda kuingia mifukoni kabla haijafika kwenye bomba, na mwenye ploti akibanwa anaweza kupandisha kodi. La kodi sina jibu kamili. La ruzuku nina pa kuanzia: ilipwe kwa pipa lililobadilishwa na kwa mfereji unaotoa maji, si kwa utepe uliokatwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwa wananchi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na vikao vya maoni hufanyika katika kila wadi. Ukienda, usitafute idadi ya vyoo vipya. Tafuta ni shilingi ngapi zimetengwa za kunyonya, kubeba na kukarabati vilivyopo, na uliza jina la ofisa atakayepigiwa simu kile cha mtaani kwenu kitakapojaa.