Hajji na Bahasha Yake

Dada yangu alipoposwa, kikao cha familia hapa Busia, upande wa Uganda, kiligawa kazi. Wenzangu walipewa ng'ombe, mahema na mchele. Mimi, kwa kuwa "umesoma", nikakabidhiwa kadi 150 nikazichapishe Kampala, Nasser Road, ambako kila mlango una mashine na kila kijana anaapa kwamba bei yake ndiyo ya chini.

Mama akanipa masharti. Majina ya wazazi wa pande zote mbili yatangulie. Nikaha ni saa 8 mchana, kwa hiyo andika saa 6, wageni wetu tunawajua. Kadi ya mzee haitumwi kwa WhatsApp. Inapelekwa mpaka sebuleni kwake, mdogo wako apige magoti na aitoe kwa mikono miwili. Na juu ya bahasha kila mtu aitwe kwa heshima zake: Hajji, Hajati, Mwalimu.

Kwenye heshima ndipo nilipoumbuka.

Orodha ya wageni ilikuwa kwenye simu yangu, na kwenye simu yangu, jamani, watu wameandikwa walivyo, si walivyopewa majina na wazazi wao. Usiku ule niliwanakili wote, nikasema kesho nitawasafisha njiani. Kesho yake nikalala ndani ya teksi kabla hata hatujafika Bugiri. Kilichoniamsha ni honi za Kampala.

Kijana wa mashine alifungua orodha, akaguna. "Kaka, nizipige hivi hivi?"

Nikadhani anauliza habari ya wino wa dhahabu. "Piga!"

Zilitoka zinameta. Nikazipakia kwenye boksi bila kusoma hata moja, na asubuhi nikampa mtu wa boda 40 za mbali azitangulize. Mimi na mdogo wangu tukaanza na Hajji mmoja mwenye duka la jumla karibu na mpaka, ambaye kamati nzima ilimtolea macho kwa mchango.

Mdogo wangu, ndani ya gomesi jipya, akapiga magoti. Mikono miwili. Hajji akavaa miwani, akasoma. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Mama watoto, njoo. Tumealikwa."

Mkewe akatokea jikoni. Hajji akasoma kwa sauti ya khatibu: "Hajji Mkono wa Birika na Familia."

Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani, maana hapakuwa na pengine pa kutazama. Mkewe hakusema neno. Alishika fremu ya mlango, akatupa mgongo, mabega yakawa yanatikisika.

Tulipotoka nikafungua boksi pale pale barabarani. Mama Mandazi Deni 18,000. Mwalimu Kipara wa Pili. Nikampigia boda, alishamaliza kugawa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahia kazi.

Shangazi ndiye aliyeanza kupiga. "Hapa Shangazi Redio," akasema. "Habari ya kwanza inakuhusu wewe." Ilichukua dakika 25, pamoja na michezo na hali ya hewa. Nikampigia Bwana Usipokee nimwombe radhi. Hakupokea.

Cha ajabu walikuja wote. Harusi yetu haijawahi kujaa vile, na nadhani nusu walikuja kulinganisha bahasha. Mwalimu Kipara wa Pili alizunguka meza zote akimtafuta wa kwanza.

Hajji alifika saa 9, ametulia, na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Usiku dada akaifungua mbele ya kamati. Lilikuwa birika. Kubwa, linang'aa. Mama akasema mcheni Mungu, tazameni ndani, huenda mzee ameficha mchango wake.

Alikuwa ameuficha kweli. Noti moja ya shilingi 1,000, imekunjwa mara nne.

Jina lake kwenye simu sijalibadilisha.