Kiboko shuleni: matokeo ya Nyarugusu yasisomwe vibaya

Gusia kuondoa viboko kwenye kikao cha wazazi pale Kasulu uone: utaambiwa unataka watoto walelewe kizungu. Mzazi mwingine atasimama, mwanawe akisikia, aseme, "Mwalimu, mchape tu, mimi nimeshindwa." Hoja yao si ya kupuuzwa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi, na yapo madarasa mkoani Kigoma yenye zaidi ya mara mbili ya hao. Mwalimu aliye peke yake mbele ya umati huo huona fimbo ndiyo msaidizi pekee aliyepewa. Tena wengi waliosoma kwa bakora wanasema mbona wamekuwa watu.

Anayetaka kuwaunga mkono anaweza hata kushika utafiti. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu na iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kuanza kupokea Warundi wengi mwaka 2015, ndiko ulikojaribiwa mpango wa EmpaTeach, katika shule 27. Kwa wiki 10 walimu walikutana katika vikundi, wakajifunza kutuliza hasira na kuongoza darasa bila kupiga. Matokeo yalichapishwa 2021: mpango haukupunguza kupigwa. Shule zilizopata mafunzo na ambazo hazikupata, takriban nusu ya wanafunzi walisema walipigwa na mwalimu ndani ya wiki moja iliyotangulia.

Wiki moja. Si muhula, si mwaka. Na wengi wa watoto hao, au wazazi wao, walifika huku wakikimbia vita na mauaji. Mtoto aliyeshuhudia mambo hayo mwili wake hukaa chonjo hata pakiwa salama. Fimbo ikiinuliwa moyo unamwenda mbio, hesabu zote zinapotea kichwani, anabaki kutafuta pa kupenya. Mwingine huganda: macho yamemtoka, ameulizwa swali hajibu. Mwalimu anaona kiburi, anaongeza cha pili. Mwingine hulipiza, ila si kwa mwalimu, maana huyo hamwezi. Hulipiza kwa mdogo wake wakati wa mapumziko, kisha anachapwa kwa ugomvi. Kinachoadhibiwa hapo kimezaliwa na adhabu yenyewe, na ndiyo maana nashindwa kuiita nidhamu.

Kwa hiyo matokeo ya Nyarugusu yanasema kwamba mafunzo mafupi yaliyoendeshwa na watu wasio wataalamu hayakutosha. Hayasemi kiboko kinafaa, wala kwamba mwalimu wetu habadiliki. Mpango mwingine wa kuwafunza walimu kuongoza watoto bila kuwapiga, uitwao ICC-T, ulijaribiwa katika shule za sekondari za serikali hapa Tanzania, walimu wakakaa na wakufunzi karibu wiki nzima, na matokeo ya 2018 yalionyesha kupiga kumepungua.

Kuhusu waliochapwa wakawa watu, tukumbuke kwamba wanaotoa ushuhuda huo ni waliobaki. Aliyeacha shule darasa la tano kwa kuogopa fimbo hayumo kwenye kikao.

Wanaopinga viboko huonekana wameleta mambo ya kigeni, ilhali ni kanuni zetu wenyewe zilizokibana kiboko. Kanuni za 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu wa zamu anayechapa mstari mzima wa waliochelewa getini yuko nje ya kanuni hizo, hata kama wazazi wanampigia makofi.

Kamati za shule za Kasulu, Kibondo na Buhigwe zinaweza kuanzia hapo muhula huu. Kabla ya kubishana malezi ya nani ni bora, ziombe kitabu cha adhabu kiwekwe mezani, zihesabu viboko vilivyoandikwa, kisha ziwaulize watoto, walimu wakiwa hawapo, wamechapwa mara ngapi.