Nimepanda Mlima Kwenda Kuangalia Kosa la Watu

Mimi sina ugomvi na mnara wowote duniani. Hilo lieleweke mapema, maana mama Zawadi anasema tangu turudi mchana kutoka Cape Point, ncha ya rasi iliyo kusini mwa Cape Town, nausema ule mnara wa taa kama vile ulinikopa hela ukahama mtaa.

Ila nisikilizeni kwanza.

Shemeji yangu, kaka yake mama Zawadi, anaishi Cape Town, tumekuja kumsalimia. Mimi nilivyolelewa, kumsalimia mtu ni kukaa kwake, kula, kuulizana habari za wazee na kulala mapema. Leo alfajiri naamshwa: "Shemeji, vaa viatu, nawapeleka mkaone mnara wa taa." Nikamwuliza, kwani hapa nyumbani umeme umekatika? Hakucheka.

Gari likaifuata ile rasi kuelekea kusini, zaidi ya saa nzima, kushoto bahari. Upande huo kuna ghuba inaitwa False Bay, yaani ghuba ya uongo, kwa sababu mabaharia wa zamani waliotoka mashariki walikuwa wakiikosea, wanadhani wameshafika Table Bay, ghuba yenye bandari ya Cape Town. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Mahali ambapo hata ghuba inakudanganya, mnara utakuwaje?

Getini tukalipa. Mimi nina ugonjwa mmoja, kila randi inayotoka naigeuza kichwani kuwa pesa ya nyumbani. Nilipomaliza hesabu nikanyamaza kama mfiwa.

Tukashuka kwenye maegesho. Kuna kibao kinakataza kulisha nyani. Nataka niweke wazi kwamba mimi sikumlisha nyani yeyote. Nilikuwa na mkate mkononi, akaja bwana mmoja mkubwa, akanitazama usoni kama mkaguzi wa tiketi, akauchukua. Alijilisha mwenyewe. Mama Zawadi alicheka mpaka akashika gari.

Kwenda juu kuna kitreni kinachovutwa kwa kamba ya chuma, dakika kama tatu hivi. Kinaitwa Flying Dutchman. Shemeji akanieleza kwa fahari kwamba hiyo ni meli ya mizimu, hadithi inasema inazunguka bahari hizi milele bila kufika bandarini. Sasa jamani, chombo cha abiria unakipaje jina la chombo kisichofika? Ni sawa na daladala kuandikwa mgongoni "Hatufiki". Lakini si jina lililonishinda, ni nauli. Nikasema miguu ninayo. Wao wakapanda kitreni, mimi nikapanda mlima.

Huko njiani ndipo nilipokutana na upepo. Huu wa kusini mashariki wenyeji wanauita Daktari, wanasema unafagia uchafu wa mji. Daktari gani huyu anayemvua mgonjwa kofia bila hata kumwuliza anaumwa wapi? Kofia yangu iliondoka kuelekea Amerika. Mreno Bartolomeu Dias alipopita hapa mwaka 1488 inasemekana alipaita Rasi ya Dhoruba, na mimi nampa mkono, alikuwa mtu mkweli. Wakubwa wake wakaona jina hilo litaharibu biashara, ikawa Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1500 Dias akarudi maeneo haya haya, dhoruba ikamzamisha. Jina zuri halikumsaidia kitu.

Nikafika juu nahema. Nawakuta waliopanda kitreni nao wanahema, kumbe ukishuka kituoni bado kuna ngazi! Nikapona kidogo moyoni.

Sasa mnara wenyewe. Kanara kafupi, keupe, ka chuma, kaliletwa kwa meli kutoka Uingereza, kakawashwa mwaka 1860. Mita 238 juu ya bahari. Nikamwambia shemeji, hongera zao, wamepanda juu kweli. Akasema, "Hapo ndipo palipokuwa na tatizo." Waliuweka juu mno. Mawingu yanapenda kukaa kilele kile kile, kwa hiyo usiku wa ukungu, usiku ambao nahodha anaihitaji taa kuliko chochote, taa imejifunika shuka. Usiku usio na wingu nao inaonekana kutoka mbali mno, meli zinajiamini, zinasogea karibu kuliko inavyofaa. Yaani ikionekana hasara, isipoonekana hasara.

Aprili 1911 meli ya Wareno iitwayo Lusitania (si ile ya Waingereza iliyozamishwa vitani mwaka 1915, hii ni nyingine yenye bahati mbaya ile ile) ikagonga mwamba wa Bellows hapo chini. Ndipo wakubwa wakakubali kwamba taa ishushwe. Wakajenga mnara mwingine chini yake, mita 87 tu juu ya bahari, ukaanza kuwaka mwaka 1919.

Hebu subirini kidogo hapo.

Mimi ni fundi umeme. Mwaka juzi nilimfungia mteja taa ya uani, bahati mbaya ikawa inamulika paa la jirani badala ya mlango wake. Nilitukanwa nikiwa bado juu ya ngazi. Niliambiwa niishushe kabla ya magharibi, na hela ya nyaya nikakatwa. Hawa wenzangu wamefunga taa mahali pasipofaa, imekaa miaka hamsini na kitu, meli imegonga mwamba, wamechukua miaka mingine minane kuishusha, na kosa lao limepakwa rangi nyeupe, watu wanatoka Japani kupiga nalo picha! Mimi, fundi mwenzao, nimelipa kiingilio kulitazama!

Na mnara mpya, ule unaofanya kazi vizuri, taa kali kupita zote za pwani ya Afrika Kusini? Hakuna foleni. Uko kule chini ya jabali peke yake, unatazamwa kwa mbali na wachache, kama mfanyakazi asiyekosea.

Nikasema basi, angalau niione bahari, maana nilishaahidiwa kwamba hapa ndipo Hindi na Atlantiki zinapokutana. Mama Zawadi akanisogeza ukingoni, akanyoosha simu. Wingu likaja. Sikuona bahari ya kwanza wala ya pili. Shemeji akaona huo ndio wakati mzuri wa kuniambia kwamba kwa hesabu rasmi bahari hizo hazikutani hapa kabisa, zinakutana Rasi ya Agulhas, kilomita kama mia na hamsini huko, na ndiyo ncha ya kusini ya Afrika.

Picha imetoka. Ni ukungu mweupe, katikati kuna meno yangu.

Sasa hivi tumekaa sebuleni, miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto. Shemeji anasema huko Agulhas nako kuna mnara, umri wake umeupita huu, wa mwaka 1849, kesho tuondoke mapema. Nikafungua mdomo kusema naumwa. Mama Zawadi akawahi: "Tutakwenda, kaka."

Kofia nimeazimwa na mtoto wa shemeji. Ina kamba ya kufungia kidevuni.