Nani aliyapima maji ya Rote?

Mafuta ya baharini yakitajwa, watu hukimbilia Ghuba ya Mexico ya mwaka 2010: wafanyakazi 11 waliokufa na siku 87 za kisima kumwaga. Kuna ajali nyingine iliyoitangulia ile kwa miezi minane tu, ndogo kuliko ile, ambayo watu wa pwani yetu wangeifuatilia kwa karibu zaidi kama wangejua kwamba walioumia ni wakulima wa mwani.

Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha Montara, katika Bahari ya Timor upande wa Australia, kilifumuka. Wafanyakazi 69 waliondolewa salama. Mafuta na gesi vilitoka kwa siku 74, mpaka kilipochimbwa kisima kingine cha kukidunga cha kwanza kutoka ubavuni, na chenyewe kikaipata shabaha katika jaribio la tano, mwanzoni mwa Novemba. Mwenye kisima, kampuni tanzu ya PTTEP, kampuni ya mafuta ya Thailand, alikadiria mapipa 400 kwa siku. Makadirio ya upande wa serikali yalifika hadi 2,000. Mpaka leo hesabu kamili haipo.

Chanzo hakina utata. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na David Borthwick ilikuta kwamba saruji ya chini ya kisima ilikuwa mbovu tangu Machi mwaka huo na haikupimwa inavyotakiwa. Kifuniko kimoja kilichokuwa kwenye mpango hakikufungwa kabisa, na kingine kiliondolewa saa chache kabla ya mafuta kutoka. Msimamizi wa serikali wa eneo lile alikuwa akipitisha maombi ya kampuni kama anayegonga muhuri. Kampuni ilikiri makosa na mwaka 2012 ikatozwa faini ya dola 510,000 za Australia. Kama hadithi ingeishia hapo, ningeiacha.

Lakini zaidi ya kilomita 200 kutoka kisimani, ng'ambo ya mpaka, kuna kisiwa cha Rote na pwani ya Kupang, Indonesia. Watu wa huko walikuwa wakipanda mwani kwenye kamba kama wanavyopanda akina mama wa Paje na Jambiani, na mbegu ni zilezile tunazoziita spinosum na cottonii. Wakasema kwamba mwezi wa Septemba maji yalikuja na mafuta, mwani ukageuka mweupe, ukalegea, ukakatika kwenye kamba. Wengine walipojaribu kupanda tena, haukushika kwa miaka. Fedha ya mwani ndiyo iliyokuwa imewajengea nyumba na kuwalipia watoto ada.

Kampuni ilijibu kwamba mafuta yake hayakufika huko, na jibu hilo halikuwa upuuzi. Mafuta ya Montara ni mepesi, na katika jua la tropiki sehemu kubwa ya mafuta ya aina hiyo hupaa hewani. Mengi yalionekana kubaki karibu na kisima. Mwani wenyewe ni mmea mwepesi wa kufa: joto likizidi hufa, mvua ikileta maji baridi mengi hufa, na ugonjwa wa kuwa mweupe unajulikana hata kule kusikokuwa na kisima. Hapa Zanzibar cottonii imekufa mara nyingi tangu miaka ya 2000, na hakuna aliyechimba mafuta Makunduchi. Mhandisi anayekwambia "nionyeshe kwamba ni mafuta yangu" ana haki ya kuuliza.

Ana haki pia ya kukumbusha yaliyotokea Marekani. Kule sheria ya mwaka 1990 inamtaka mwenye kisima alipe bila mwathirika kuthibitisha uzembe kwanza, na BP, mwenye kisima cha Ghuba ya Mexico, ilikubali kutenga dola bilioni 20 kabla hata kisima chake hakijazibwa. Baadaye yakaja madai ya uongo, na watu walifungwa kwa kudai hasara ambayo hawakuipata. Mlango ukiwa wazi, mwizi naye hupita. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Ninachokipinga ni namna neno "hakuna ushahidi" lilivyotumika dhidi ya watu wa Rote, kana kwamba kukosekana kwa ushahidi ni tabia ya bahari. Ushahidi wa mafuta majini hautokei wenyewe. Mtu lazima achote maji kabla mafuta hayajafika, ayachote tena yanapofika, aandike siku na mahali, apeleke maabara. Mafuta mepesi hayakungoji. Wiki kadhaa zikipita, kinachobaki ni kamba tupu na maneno ya mkulima.

Sasa nani alichota? Tume yenyewe ilisema mafuta yaliingia katika maji ya Indonesia na Timor ya Mashariki kwa kiwango kikubwa. Ikasema pia kwamba madhara yote kwa mazingira huenda yasijulikane kamwe, kwa sababu hapakuwa na takwimu za kuaminika za hali ya bahari kabla ya ajali, na kwa sababu mpango wa kufuatilia ulichelewa. Mpango huo serikali ya Australia na kampuni waliuafiki mafuta yakiwa yameshamwagika kwa wiki kadhaa. Wakati huohuo zaidi ya lita 180,000 za dawa ya kutawanya mafuta zilikuwa zimemwagwa au zinamwagwa baharini. Dawa hiyo ina kazi yake na huwaokoa ndege na fukwe, ila inachofanya ni kuyavunja mafuta kuwa matone madogo yanayoingia ndani ya maji. Rubani anayetazama kutoka juu huona bahari safi. Mwani hauishi juu ya bahari.

Kwa hiyo mwenye meli, ndege, maabara na fedha hakupima kule Rote, halafu asiye na chochote ila kamba na mtumbwi ndiye aliyetakiwa kuleta vipimo. Nimejaribu kuona ni mkulima gani angeweza. Mama aliyeshuka ufukweni bamvua limetoa maji, akakuta mwani mweupe: angejuaje kwamba maji ya asubuhi ile yatadaiwa katika mahakama ya Australia miaka kumi baadaye? Angeyaweka kwenye chupa gani, na barafu ipi?

Kesi ya pamoja ya wakulima zaidi ya 15,000 ilifunguliwa mwaka 2016. Machi 2021 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ikaamua kwamba kampuni ilikuwa na wajibu wa kuwa na tahadhari kwa mkulima aliyewawakilisha wenzake, kwamba mafuta yalifika sehemu kadhaa za Rote na Kupang, na kwamba ndiyo yaliyoua mwani au yalichangia kwa kiasi kikubwa. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa wakulima wenyewe, wakieleza walichokiona, mmoja baada ya mwingine. Novemba 2022 pande mbili zikakubaliana dola milioni 192.5 za Australia, kampuni ikisisitiza kwamba kulipa si kukiri. Miaka 13 ilikuwa imepita. Yule aliyekuwa na miaka 55 kamba zilipokatika alikuwa na 68.

Niseme pia kwamba walifika mahakamani kwa bahati. Wanasheria wa Australia waliibeba kesi hiyo kwa gharama kubwa. Mikataba ya kimataifa ya fidia inahusu meli, si visima. Indonesia ilipotaka Shirika la Kimataifa la Bahari litunge mkataba wa visima vinavyochafua nchi jirani, iliambiwa jirani na jirani wakubaliane wenyewe.

Hapo ndipo jambo linapokuja kwetu. Mkondo wa bahari wa pwani hii unatoka kusini kwenda kaskazini: ukipita Cabo Delgado unakuja Mtwara, Kilwa, Mafia, kisha Unguja na Pemba. Msumbiji imeanza kuuza gesi kutoka kwenye kina cha mita 2,000 hivi tangu 2022, na baadhi ya visima vya gesi vilivyogunduliwa upande wa Tanzania vimo katika kina kinachopita hicho. Wataalamu watasema, na ni kweli, kwamba gesi si mafuta. Kisima cha gesi kikifumuka sehemu kubwa huenda hewani, na kinachobaki majini ni yale mafuta mepesi yanayotoka nayo. Vifaa vya kuziba kisima kwa juu vinavyohifadhiwa tayari sehemu mbalimbali za dunia, ambavyo mwaka 2009 havikuwepo kwa namna hii, vimepunguza hatari pia. Uwezekano wa ajali ni mdogo, na sioni sababu ya kuacha gesi hiyo chini.

Swali langu ni la chupa za maji. Kampuni hufanya tathmini ya mazingira kabla ya kuchimba, na ndani yake mna vipimo vya bahari, vingi vikiwa vya kule kisima kilipo. Mimi nauliza vya Msimbati, vya Mikindani, vya Songo Songo, vya mashamba ya mwani ya Micheweni, vilivyochukuliwa wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, mwaka hadi mwaka, kabla ya lolote. Na nakala yake ikae mahali ambapo si ofisi ya mchimbaji: chuo, halmashauri, hata ushirika wa wakulima wenyewe, pamoja na daftari la mavuno ya kila bamvua. Akina mama wengi wa mwani tayari wanakumbuka kilo zao kwa kichwa.