Tipu za Marekani: kodi imeondolewa, ile dola 2.13 imebaki pale pale

Tarehe 4 Julai 2025 Trump alisaini ile sheria yake kubwa ya kodi, na ndani yake kuna kipengele ambacho wahudumu wa migahawa na baa walikuwa wanakisubiri tangu kampeni, kwamba tipu, yaani bakshishi anayoacha mteja, isikatwe kodi ya mapato ya serikali kuu mpaka kufikia dola 25,000 kwa mwaka. Ahadi aliitoa Las Vegas Juni 2024, mji unaoishi kwa hoteli na kasino, na miezi miwili baadae mpinzani wake Kamala Harris akasimama hukohuko Las Vegas akaahidi kitu kilekile. Watu waliokuwa hawakubaliani hata rangi ya mbingu wakakubaliana hapo, na kiukweli hiyo ndo ilinifanya nianze kuliangalia hili jambo vizuri.

Mimi linanigusa, nimebeba sahani kwenye mgahawa mmoja Texas. Kwa wasiojua, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ila mfanyakazi anayepokea tipu bosi anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu, na hiyo 2.13 haijasogea tangu 1991. Inayobaki ijazwe na mteja. Ikipungua sheria inasema bosi afidie ifike 7.25.

Sasa ngoja nieleze inavyokuwa. Jumanne ya mvua, saa nne asubuhi, mgahawa mtupu, tumekaa watatu meza ya pembeni tunaviringisha visu na uma kwenye vitambaa, kisu, uma, kunja, kaza, tupia kwenye beseni, mpaka beseni mbili zijae. Mteja hakuna kwa hiyo tipu hakuna, na saa inahesabu 2.13. Ile fidia hesabu yake inapigwa kwa wiki nzima, kwa hiyo Jumamosi ukifanya vizuri inaimeza Jumanne yote na bosi hadaiwi kitu. Halafu karatasi ya mshahara ikija, makato ya zile tipu yanakatwa kwenye hiyohiyo 2.13, nimeshashika karatasi inayosoma sifuri.

Lakini nitakuwa muongo nikisema wahudumu wote wanauchukia huu mfumo. Ijumaa usiku niliwahi kutoka na dola 180 kwa masaa matano, hiyo hela hakuna mwajiri angenipa kwa kazi ile. Dada mmoja aliyenifundisha kazi, mama wa watoto wawili, alikuwa hataki hata kusikia habari ya mshahara wa kudumu. Na sio yeye peke yake. Maine wananchi walipiga kura 2016 kuondoa mshahara mdogo wa wahudumu, mwaka uliofuata wahudumu wenyewe wakaenda kwa wabunge wa jimbo kuomba urudishwe, na ukarudishwa. Massachusetts Novemba 2024 wapiga kura zaidi ya asilimia 60 walikataa kuuondoa. New York yule tajiri wa migahawa Danny Meyer alifuta tipu 2015 akapandisha bei za chakula alipe mishahara ya maana, 2020 akazirudisha. Hawa watu wana hesabu zao, tusiwachukulie kama hawajui shida yao.

Tatizo langu liko kwenye nani anabeba hatari. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha 1865, waajiri walichukua watu weusi waliotoka utumwani wakawapa kazi za uhudumu kwa malipo kiduchu au bila malipo, wategemee abiria na wateja. Wahudumu wa treni za Pullman ndo mfano mkubwa, waliunda chama chao 1925 chini ya A. Philip Randolph, kiongozi mweusi wa wafanyakazi, na walipata mkataba na kampuni 1937, miaka kumi na mbili ya kusukumana. Utaratibu haujatofautiana sana leo, isipokuwa wengi wanaobeba hatari hiyo ni wanawake, kama theluthi mbili. Mteja akikushika kiuno unafanyaje wakati yeye ndo mshahara wako wa leo? Unatabasamu. Nimeona wenzangu wakitabasamu hivyo halafu wanaenda kulia stoo.

Na msamaha wa kodi haugusi hapo. Chukua mhudumu asiye na familia aliyeingiza dola 30,000 mwaka 2025, na 20,000 kati ya hizo ni tipu, huyo angedaiwa kama dola 1,470, sasa hadaiwi. Ni hela, ni kodi ya nyumba ya mwezi kwa wengine, siibezi hata kidogo. Ila aliyeingiza 15,000 hakuwa anadaiwa kodi hiyo tangu mwanzo kwa hiyo hapati kitu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikadiria zaidi ya theluthi moja ya wapokea tipu wako hivyo. Makato ya Social Security na Medicare, yaani ya pensheni na matibabu ya uzeeni, yanaendelea kwa wote. Muosha vyombo kule nyuma mwenye kipato kilekile, asiyeachiwa tipu, analipa kodi yake kamili.

Majimbo saba, California, Nevada na Minnesota yakiwemo, hayana huu mshahara mdogo wa wahudumu, mhudumu analipwa kima kamili na tipu juu yake, na watu bado wanakula nje huko. Ndo maana ile hoja kwamba migahawa itakufa ikilazimishwa kulipa kima kamili hainiingii, ingawa nakubali bei inapanda na mgahawa mdogo wa familia unaumia kuliko ile mikubwa.

Wapagazi wetu wa Kilimanjaro wanalijua hili la kutegemea tipu, siku ya mwisho getini wanasubiri tipu ya mgeni, mara nyingi Mmarekani, na kampuni nyingine zinaihesabu tipu hiyo kama sehemu ya ujira.

Siku hizi nikila Texas naacha asilimia 20 hata kama chakula kimechelewa, maana kuchelewa mara nyingi ni jiko. Duka la kahawa wakinigeuzia ile skrini ya kuchagua tipu, asilimia 18, 20 au 25, huwa nauliza kwanza kwa upole, samahani, hapa mnalipwa mshahara kamili au ule wa tipu? Kijana mmoja Houston aliniangalia kidogo, akageuka kumtazama meneja wake, akasema hata yeye hajui.