Mpingo ni wa mchongaji au wa klarineti?

Mjadala wa mpingo Tanzania una pande mbili. Wapo wanaosema ni urithi wa Wamakonde, uachiwe wachongaji. Wengine wanasema bei nzuri iko kwa watengenezaji wa klarineti na oboi, ala za muziki za kupuliza, huko Ulaya, basi gogo liende huko.

Hoja ya urithi ina nguvu, ila isitiwe chumvi. Barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, ambazo ni za jadi hasa, huchongwa kwa mti mwepesi. Nani atacheza ngoma amevaa mpingo kichwani, mti mzito hata huzama majini? Vinyago vyeusi vilishamiri karne ya 20, soko la wageni lilipokua na wachongaji walipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mizimu vyenye maumbo yaliyopindapinda, unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, ni wa miaka ya 1950.

Lakini uchanga huo hauwapunguzii wachongaji haki. Mtazame mmoja kazini: tezo inavua mbao ya nje yenye rangi ya manjano mpaka kiini cheusi kinatokeza, na pale gogo lilipopinda ndipo anapopata mgongo wa shetani wake. Kiwanda cha ala kingelitupa gogo hilo, maana kinataka kiini kilichonyooka, kisicho na ufa wala fundo. Kwa hiyo hawa wawili hawagombei kipande kimoja, na ndiyo maana naona ugomvi wenyewe umekosewa.

Anayestahili kusikilizwa kwanza ni mwenye msitu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Nani ataulinda kama haumlipi? Sheria ya Misitu ya 2002 imewezesha vijiji kumiliki misitu yao na kubaki na mapato, na tangu 2009 vipo vijiji vya Kilwa vinavyovuna kwa cheti cha FSC, uthibitisho wa kimataifa kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa. Hapa soko la ala limesaidia, tukubali.

Kinachoniudhi ni kanuni za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Jenasi nzima ya Dalbergia, kundi la miti ambamo mpingo umo, iliwekewa masharti mwaka 2017. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa, huku shehena ya vinyago inayozidi kilo 10 ikiendelea kudaiwa kibali. Mwenye kiwanda kapumua, mchongaji bado anahangaika na makaratasi. Vijiji vyenye cheti viwauzie wachongaji magogo yaliyopinda pamoja na hati zake, ili nao wasafirishe kazi zao kihalali.