Homa ya mgunda: panya ahukumiwe peke yake?

Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa isiyoeleweka: kichwa kinauma, mwili unaisha nguvu, damu zinatoka puani. Wagonjwa walifika 20 na watatu kati yao walifariki. Ebola ikapimwa, haipo. Marburg, haipo. Korona, haipo. Tarehe 18 mwezi huo aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi. Tangu hapo ukiitaja mgunda mbele ya watu, jibu la kwanza ni panya.

Jibu hilo lina msingi. Bakteria wa leptospira hukaa kwenye figo za mnyama, hutoka na mkojo, na kwenye maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu huweza kuishi wiki kadhaa. Humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au ngozi iliyolowa kwa muda mrefu. Panya anaweza kuwabeba bila kuonyesha dalili yoyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, wamewapata bakteria hao kwenye panya wa aina kadhaa, hata kwenye panya buku. (Morogoro hiyohiyo ndiko shirika la APOPO linakowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya wa Morogoro ana mengi kwenye wasifu wake.)

Wanaotaka serikali ielekeze nguvu kwa panya wana hoja nyingine, na mimi naiona nzito kuliko ile ya kwanza: hata kama panya hana hatia kwenye mgunda, bado anakula mahindi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni kwamba panya shamba hupunguza mavuno ya mahindi kwa karibu asilimia 15, na mwaka wa mlipuko mkulima anaweza kupanda tena na tena, mbegu zinafukuliwa usiku. Kwa hiyo kijiji kinachotega panya kwa pamoja hakipotezi chochote. Kikikosa afya kimepata chakula.

Sasa twende Kilimanjaro, maana huko ndiko hesabu inapoharibika.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Zaidi ya asilimia 60 waliandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Katika waliopimwa maambukizi ya wanyama, asilimia 8.8 walikuwa na leptospirosisi, asilimia 8 walikuwa na homa za rickettsia zinazoletwa na kupe, asilimia 5 homa ya Q, na asilimia 3.5 brusela. Takwimu hizi zimeshanukuliwa sana, na ni haki. Lakini zilijibu swali la wangapi. Swali la kutoka wapi lilibaki.

Lilipoulizwa, jibu halikuwa lile lililotarajiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao wa Moshi waliwapima panya karibu 400 wa eneo hilo kwa kutafuta vinasaba vya leptospira. Hawakumpata hata mmoja mwenye navyo. Kwenye figo za ng'ombe waliochinjwa walivipata kwa takriban asilimia 7, na kwa mbuzi na kondoo kama asilimia moja. Utafiti mwingine uliowalinganisha wagonjwa wa mgunda na watu wasio nao ukaonyesha kwamba hatari iko kwa anayefanya kazi kwenye majaruba ya mpunga, anayezoa kinyesi na mkojo wa ng'ombe bandani, na anayewalisha. Kwa Mchagga anayefuga ng'ombe wa maziwa ndani ya kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, banda liko hatua chache tu kutoka jikoni, na aghalabu mwanamke ndiye anayelifagia asubuhi akiwa na kandambili.

Je, hiyo inamfutia panya kesi? Hapana. Panya wa Moshi si panya wa Morogoro, wala si wa Ruangwa. Sampuli ya miezi fulani katika vijiji fulani inaweza kukosa msimu ambao maambukizi yako juu. Isitoshe, ugonjwa wenyewe hupanda na kushuka: makadirio ya Kilimanjaro ya 2007 na 2008 yalikuwa kati ya wagonjwa 75 na 102 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kisha 2012 hadi 2014 yakateremka hadi kati ya 11 na 18. Anayesema tusikimbilie kubadili sera kwa utafiti wa wilaya mbili ana haki ya kusikilizwa.

Ila haki hiyo ina mpaka. Kama ushahidi wa Moshi ni mdogo mno kumtia hatiani ng'ombe, basi kwa mizani ileile ushahidi wa Morogoro ni mdogo mno kumtia hatiani panya nchi nzima. Tunachokifanya kwa sasa ni kukubali mmoja na kuusahau mwingine, kwa sababu panya tunamchukia na ng'ombe tunamthamini.

Tulishaliona jambo hili kwenye homa ya papasi. Ugonjwa huo ni wa zamani Afrika Mashariki na Kongo; Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza, alikufa kwa huohuo akiwa Kasongo, Kongo, Februari 1905, na bakteria wake, Borrelia duttonii, akabeba jina lake. Papasi, aina ya kupe, hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu, hurudi shimoni kabla mtu hajaamka. Dodoma, kwenye nyumba za tembe, wamama wajawazito na watoto wadogo ndio walioumizwa zaidi. Kwa miongo mingi ilifundishwa kwamba bakteria huyu hana mnyama mwingine wa kumficha isipokuwa mtu na papasi mwenyewe. Mwaka 2007 utafiti uliofanyika Mvumi, Dodoma, ukachapishwa na habari tofauti: vinasaba vya bakteria wa jamii hiyo vilikuwepo kwenye kuku na nguruwe wanaoishi na watu. Haikuthibitishwa kwamba kuku anamwambukiza mtu, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Lakini swali lilibadilika. Ukimtibu mtu, ukamwacha kuku analala chumba kilekile na papasi wale wale, umemaliza nini?

Kwa kupe wa ng'ombe mambo ni tofauti kidogo, kwani huko pesa zipo, ila zinamlenga mnyama. Mfugaji huogesha mifugo kuepuka ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikioni na unaoua ndama wengi. Siku hizi ipo pia chanjo ya ndigana kali. Ni mkombozi, nimewasikia wafugaji wakiisifu, na sifa ni za kweli. Tatizo ni kwamba inazuia ndigana kali tu. Mfugaji aliyechanja akipunguza kuogesha ili kuokoa gharama, kupe wengine wanabaki, wakiwemo wale wakubwa wenye madoadoa wanaobeba rickettsia inayompa mtu homa. Daktari wa mifugo akiangalia hesabu zake, amefaulu: ndama hawafi. Daktari wa watu wa wilaya hiyohiyo hana habari kwamba josho limekauka.

Hapa ndipo wenye mashaka huuliza swali lao gumu zaidi: utafiti wote huu wa nini, ikiwa dawa inajulikana? Doksisaiklini ni rahisi, ipo maduka mengi ya dawa, na inatibu mgunda, homa za rickettsia, homa ya Q na homa ya papasi. Mgonjwa amepimwa malaria, hana. Leo anaambiwa ni UTI au taifodi na anaondoka na dawa ya kubahatisha. Kwa nini asibahatishiwe dawa inayofaa? Kipimo cha mgunda kinachoaminika kinahitaji maabara inayofuga bakteria hai, na mara nyingi damu ichukuliwe mara mbili kwa kupishana wiki mbili au zaidi. Majibu yanatoka mgonjwa akiwa amepona au amezikwa.

Kwenye zahanati, nakubaliana nao. Mganga aliyeko Kilombero msimu wa kupandikiza mpunga hana sababu ya kusubiri maabara ya Morogoro imjibu, hasa akijua kwamba seftriaksoni, sindano inayopendwa sana, haitibu rickettsia. Lakini doksisaiklini haipewi mjamzito kirahisi. Na mgonjwa wa papasi akipewa dawa anaweza kuzidiwa ghafla saa chache baadaye, bakteria wanapokufa kwa wingi, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumtazama. Zaidi ya yote, kidonge hakimzuii mtu kurudi jarubani Jumatatu.

Hilo la kuzuia ndilo linalohitaji kujua mnyama ni yupi. Kwa ng'ombe, chanjo ya leptospira ipo duniani. New Zealand ilipoanza kuchanja ng'ombe wa maziwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1970, mgunda kwa wakamuaji ulipungua sana. Kwa panya kuna mitego na maghala bora. Kwa mpunga kuna buti. Gharama za hivi vitatu hazifanani, na wanaozilipa si wale wale. Huwezi kuchagua kwa kufuata mazoea. Na bado, Tanzania ilipoorodhesha mwaka 2017 magonjwa ya wanyama na watu ya kupewa kipaumbele chini ya mpango wa Afya Moja, unaounganisha afya ya watu na ya wanyama, kichaa cha mbwa na kimeta vilikuwemo, mgunda haukuwemo. Miaka mitano baadaye ndipo Ruangwa ilipotokea.

Kuna sababu moja ya kwenda taratibu na ng'ombe ambayo haitoki maabara, nayo naipa uzito. Kusini mwa nchi ng'ombe hawakuwa wengi zamani. Wafugaji wengi walifika Lindi baada ya kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na ugomvi wa ardhi na maji kati yao na wakulima haujaisha. Ukitangaza redioni kwamba ng'ombe analeta homa ya kutoka damu puani, wapo watakaolisikia kama ruhusa. Hakuna ushahidi kwamba ng'ombe alihusika Ruangwa, na sisemi alihusika. Nasema tu kwamba kumsingizia panya hakumuumizi mwanakijiji yeyote, ndiyo maana ni rahisi.

Tahadhari hiyo inahusu namna ya kutangaza, haihusu kupima. Figo za ng'ombe zinapatikana kila asubuhi machinjioni, tayari mkaguzi wa nyama amezishika mkononi, na kipande kidogo kinatosha kwa kipimo cha vinasaba. Ukifanya hivyo Lindi, Morogoro, Mbeya na Mwanza kwa misimu miwili, ukiwatega panya vijiji vilevile miezi ileile, utakuwa na jibu la kila mahali kwa gharama ndogo kuliko ya kutuma timu ya dharura kila homa inapozuka.